Mama ana miaka 74, anatoka Lushoto kuja Houston peke yake na Kiingereza hajui. Nimpangieje safari?

Binti_Usambara

Habari zenu ndugu, na wakubwa shikamooni. Mama yangu anaishi Lushoto, viza yake ya Marekani imetoka baada ya kusubiri sana, na anakuja kumwona mjukuu wake wa kwanza. Hajawahi kupanda ndege. Anaongea Kisambaa na Kiswahili, Kiingereza hata cha kuombea maji hana. Ana presha na anameza dawa kila asubuhi, lakini mguu bado imara: kila siku anapanda mlima kwenda shamba na kurudi na majani ya ng'ombe kichwani.

Tuna njia mbili. Dar, Doha, Houston. Au Dar, Addis Ababa, Washington, halafu ndege ya ndani. Ya pili ni nafuu, na kaka yangu anataka hiyo, tofauti ya nauli tumpe mama mkononi. Mimi roho inasita. Halafu nilitaka kumwombea kiti cha magurudumu, amekataa katakata: "Mimi si mgonjwa. Nisukumwe mbele za watu, nitaonekanaje?" Wenye wazazi waliosafiri hivi, mlifanyaje?

Mtu_wa_Ilala

Doha. Ile ya Addis kwa kawaida hutua tena njiani kuongeza mafuta, kwa sababu mji wenyewe upo juu sana, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na ndege nzito haiwezi kuruka pale na mafuta ya kuifikisha Marekani. Mama ataona ndege imetua, atadhani amefika. Na Washington ndiko atakakopita uhamiaji, achukue mabegi, ayakabidhi upya, ndipo atafute geti la ndege ya kuja kwenu. Hayo yote bila lugha. Kwa Doha, uhamiaji wake ni hapo hapo Houston na wewe upo nje unamsubiri.

Fedha ya tofauti mkatieni bima ya safari yenye matibabu. Hospitali za huko mnazijua bei zake.

Kijana_wa_Kilifi

Dada, mimi niko Doha, na kazi yangu ndiyo hiyo ya kusukuma viti uwanjani. Kwa hiyo nisome kwa utulivu.

Mwambie mamako kiti si cha wagonjwa. Kiti ndicho kinachompa mtu wa kumwongoza. Ukikiomba, kuna mfanyakazi anayemngoja mlangoni mwa ndege akiwa na jina lake, anampitisha ukaguzi, anajua geti lake, anamkabidhi kwa wahudumu wa ndege ya pili. Asiyeomba anashuka na umati na kuachiwa kusoma vibao. Nimewaona wazee wenye nguvu zao, wasiougua chochote, wamesimama katikati ya ukumbi na kadi ya kupandia mkononi, wanaona aibu kuuliza. Moyo huniuma, maana namwona nyanya yangu.

Huduma hii hailipiwi. Waambie wakala waandike WCHR kwenye tiketi. Maana yake ni mtu anayeweza ngazi na kujiendea ndani ya ndege, ila masafa marefu ya uwanjani asaidiwe. WCHS ni asiyeweza ngazi, na WCHC ni wa kupelekwa mpaka kitini. Msichukue ya juu kuliko hali yake, hataki kubebwa na hana haja. Ombeni mapema, angalau saa 48 kabla ya safari, kisha siku yenyewe anayemsindikiza Dar akumbushe tena kaunta. Hili la kukumbusha msiliache hata kidogo.

Sasa yale ambayo watoto hawayajui. La kwanza ni choo. Wazee wengi hawali wala hawanywi kwa kuogopa kuomba wapelekwe msalani, na mwenye presha kukaa bila maji safari nzima si salama. Mwambie wazi kwamba kumwambia msukumaji "choo" si kumsumbua. Wengi wetu huku twatoka Kenya na Uganda, huenda hata akapata wa kuongea naye Kiswahili.

La pili, paspoti. Mama zetu huifunga kwenye pindo la kanga, ndani kabisa. Itadaiwa mara nyingi, na kila mara afungue nguo mbele ya wanaume? Mshonee kimfuko cha kuvaa shingoni: paspoti, kadi ya kupandia, na karatasi yenye simu zako na anwani yako kamili, kwa Kiingereza na Kiswahili.

La tatu ni saa. Kadi itasema 08:00, yeye anajua saa mbili. Mwandikie saa zote kwa hesabu yake. Saa ya Doha na ya Dar ni moja, kwa hiyo saa yake ya mkononi asiiguse mpaka afike kwako.

Mwalimu_Mstaafu_Kondoa

Marahaba mwanangu. Mimi ni bibi, na nimekwenda Uingereza kwa wajukuu zaidi ya mara moja, kwa hiyo nasema kama mwenye safari.

Mnapanga makaratasi vizuri, lakini mtu mzima aelezwe pia mwili wake utaonja nini. Masikio yataziba ndege ikipanda na ikishuka, awe na pipi ya kumumunya. Choo kikivutwa maji kinanguruma kwa kishindo, ajue mapema asije akashtuka. Ndege ikitikisika ni kama basi kwenye barabara ya vumbi, afunge mkanda akae. Miguu itavimba, basi avae viatu vilegevu, na kila baada ya muda asimame atembee kwenye ujia. Damu huganda miguuni kwa mtu aliyekaa muda mrefu, na sisi wa umri huu ndio tulio karibu zaidi na hatari hiyo. Daktari wake aulizwe kuhusu soksi za kubana, na pia aulizwe dawa ya asubuhi ataimeza saa ngapi, kwa sababu asubuhi yenyewe itahama.

Piga hesabu. Akiondoka Doha saa mbili asubuhi, njia ni kama saa kumi na sita. Kwa mwili wake atafika saa sita ya usiku, lakini Houston itakuwa kama saa kumi jioni na jua linawaka. Safari nzima anaufukuza mchana. Kama anaswali, azungumze na shehe wake kabla ya kuondoka kuhusu swala za msafiri, asikae angani na dukuduku.

Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na cheti cha daktari. Na usimwamshe mapema siku ya pili umwonyeshe mji. Mwache alale, mwache akae na mtoto.

Binti_Usambara

Mungu awabariki. Nimemsomea mama kwenye simu maneno ya Kijana wa Kilifi, neno kwa neno. Akanyamaza, kisha akauliza, "Huyo kijana nitamkuta mwenyewe?" Amekubali kiti. Na kaka amekubali Doha.

Swali la mwisho: anafunga dagaa, iliki, nyama ya kukausha na mapeasi ya shambani kwake. Inaruhusiwa?

Mtu_wa_Ilala

Nyama na mapeasi aviache, vitachukuliwa. Dagaa wakavu na iliki ya unga huwa vinapita, ila lazima aseme kwamba amebeba chakula. Anayeficha ndiye anayepigwa faini, anayetaja hata kitu kikikataliwa anapokonywa tu na kuendelea zake. Kwenye ile karatasi ya shingoni ongeza mstari wa Kiingereza: nina chakula, dagaa na viungo. Na mwingine: nimekuja kumwona mjukuu, narudi tarehe fulani, tiketi ya kurudi hii hapa. Afisa akiuliza, mama amwonyeshe.

Kijana_wa_Kilifi

Nitumie faraghani tarehe na namba ya ndege. Siahidi zamu, lakini nikiwa kazini siku hiyo nitamuulizia mwenyewe.