Mashine mpya ya santuri, Technics iliyotumika, au niachane nazo nibaki na muziki wa mtandaoni?

Chumba_cha_Nyuma
Wakuu habari za jioni. Nimejichanga na mwisho wa mwezi huu nataka kununua, ila nimekwama njia panda. Machaguo ni haya:

1. Audio-Technica AT-LP120X, mpya.
2. Technics SL-1200MK2 iliyotumika. Mwenye nayo anasema inazunguka vizuri.
3. Niachane na santuri, nichukue kifaa cha kupokea muziki mtandaoni chenye DAC (kigeuzi cha faili la dijitali kuwa sauti) ya maana, nilipie huduma ya sauti isiyobanwa, yaishe.

Ipi ina sauti nzuri zaidi? Mfuko unaruhusu moja tu. Asanteni.

Fundi_Waya
Karibu mkuu, lakini swali lako halina kichwa wala miguu. Amplifaya gani? Spika gani? Santuri unazo tayari au ndiyo utaanza kutafuta? Mashine utaiweka juu ya nini? Bila hayo, kila atakayekujibu hapa atakuwa anajisifia mashine yake.

Sindano_Kali
Namba 2, na usiulize mara mbili. SL-1200 ilitoka 1972, MK2 ikaja 1979, na ilizalishwa mpaka 2010. Walipoisimamisha watu walipiga kelele, ikarudi sokoni 2016. Mota iko chini ya sahani yenyewe inayobeba santuri, hakuna mkanda wa mpira wa kulegea. Ukiitunza utawarithisha wanao.

Fundi_Waya
Nilisema nini?

Mzee_wa_Mikanda
Watoto wa disko mmeshaamka. Kijana, kwa kusikiliza nyumbani chukua mashine inayozungushwa na mkanda wa mpira. Rega Planar, Thorens, hata Pro-Ject. Mota inakaa pembeni, mpira unameza mtetemo kabla haujafika kwenye sahani. Mkanda ukichoka unabadilisha mwenyewe, hata bisibisi huhitaji. Hiyo 1200 ni ya watu wanaosukuma santuri kurudi nyuma.

Sindano_Kali
Mzee wangu shikamoo, ila hapo umeteleza. 1200 ya kwanza iliuzwa kama mashine ya sebuleni. Madijei ndio walioiteka baadaye, na MK2 ikarekebishwa kwa kuwafuata wao. Ubora wa kusikiliza ulikuwepo tangu mwanzo.

Mzee_wa_Mikanda
Marahaba. Bado nasema mkanda.

Namba_Hazidanganyi
Mnabishana kiti kipi kizuri kwenye basi bovu. Jibu ni namba 3.

CD ya mwaka 1982 ilikuja na nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya kimya na kilele. Santuri nzuri, iliyochongwa vizuri, ikiwa safi, inafika 60 na kitu, labda 70. Halafu kuna jambo ambalo wapenzi wa santuri hawapendi kulisema: sahani inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika mwanzo hadi mwisho, lakini mzunguko unafupika kadiri sindano inavyoingia ndani. Wimbo wa kwanza, sindano inapita karibu sentimita 50 za mfereji kila sekunde. Wimbo wa mwisho, karibu na lebo, zimebaki 20 na ushee. Sauti ileile imebanwa kwenye chini ya nusu ya nafasi. Ndiyo maana kila "s" ya mwimbaji kwenye wimbo wa mwisho inachomoza kama msumari.

Faili halina wimbo wa mwisho kwa maana hiyo.

Mama_Santuri
Mdogo wangu Namba, hesabu zako sizikatai. Ila hizo desibeli 96 mmezifanyia nini? Miaka ya 1990 na 2000 albamu ngapi zilipandishwa sauti studio mpaka hakuna tena pa chini na pa juu, kila kitu kinapiga kelele kwa pamoja? Nafasi ipo, haitumiki. Toleo la santuri la albamu hiyohiyo mara nyingine limeandaliwa upya na linapumua. Si kwa sababu plastiki ina uchawi, ni kwa sababu aliyeliandaa alikuwa na mkono mwepesi. Nina albamu ambazo CD yake naipenda zaidi, na nina ambazo santuri haina mpinzani. Aulize kwanza limeandaliwaje, ndipo aulize limebebwa na nini.

Halafu kuna suala la kukaa chini. Upande mmoja dakika ishirini na kidogo, unasimama, unageuza. Kwenye simu mimi ninaruka wimbo kabla haujafika kiitikio.

Namba_Hazidanganyi
Hayo ni mazoea, dada. Hayahusiani na sauti.

Mama_Santuri
Mwenye uzi aliuliza sauti tu, hakusema kama anataka pia kufurahia. Ndiyo maana namuuliza: unataka nini hasa?

Besi_Tamu
Naomba niseme kitu kabla hujaenda kubeba hiyo Technics, maana yaliyonipata mimi sitaki yampate mtu.

Nilinunua mashine iliyotumika kwa mtu mtandaoni. Picha safi, maelezo matamu, "imetunzwa na mzee aliyekuwa anaipenda". Nikamwandikia mapema kabisa: tafadhali kabla ya kufunga, toa sahani, ing'oe kabisa ipakiwe peke yake. Toa uzito wa nyuma wa mkono. Funga mkono kwenye kishikizo chake. Akanijibu "sawa kaka, usijali, mimi nimeshauza nyingi".

Mzigo ulipofika, boksi lenyewe lilikuwa zuri, halina hata kona iliyobonyea. Nikalitikisa kidogo, nikasikia kitu kinagonga ndani. Nafungua, sahani ile nzito imeachwa palepale. Safari nzima ilikuwa inaruka na kurudi, inagonga ekseli. Uzito wa nyuma ulichomoka, ukapiga kifuniko cha plastiki, kifuniko vipande. Mkono haukufungwa, umejipiga kwenye ukingo mpaka kijiti cha sindano kimelala ubavu. Ukiiwasha inazunguka, ndiyo, lakini sahani inayumba kwa macho, na ukigusa mkono huku na huku unasikia unacheza kwenye beringi.

Nikampigia. Kwanza akasema ni wasafirishaji. Wasafirishaji wakaangalia boksi wakasema lao ni zima, ufungaji wa ndani si wao, na kwa kweli hapo sikuwa na la kuwajibu. Nikamrudia muuzaji na picha. Akasema ilitoka kwake ikiwa nzima. Ninajua ilitoka nzima! Nilichokuwa nalalamikia ni ilivyofungwa! Baadaye akanirudishia sehemu ndogo ya hela "kwa heshima", kisha akanifungia mawasiliano. Fundi alibadilisha beringi, ila mkono wa mashine ile haukupatikana kokote kwa bei inayoingia akilini. Sasa ni pambo.

Kwa hiyo mkuu: iliyotumika, nenda mwenyewe, iwashe, ibebe mapajani. La sivyo chukua mpya.

Sindano_Kali
Pole sana kaka. Lakini huyo ni muuzaji, si mashine.

Besi_Tamu
Ninaponunua vilivyotumika, muuzaji ni sehemu ya mashine.

Chumba_cha_Nyuma
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Majibu: amplifaya sina, nina spika mbili zenye amplifaya ndani, nyuma zina matundu mekundu na meupe. Chumba ni cha kawaida. Santuri ninazo, nimeachiwa boksi na mjomba.

Fundi_Waya
Sasa tunazungumza. "Kawaida" ni mita ngapi, lakini tuliache hilo.

Tundu jekundu na jeupe lile linatarajia sauti yenye nguvu. CD plea inatoa mpaka volti 2 hivi. Katriji (kichwa kinachoshika sindano) ya kawaida ya sumaku inatoa milivolti 3 mpaka 5. Na si udogo tu. Santuri inapochongwa, besi hupunguzwa ili mfereji usipanuke ovyo na sindano isiruke, na sauti nyembamba huongezwa ili ishinde mvumo wa plastiki. Inayorudisha vyote mahali pake ni priampu ya fono, kwa mkunjo wa RIAA, yaani kanuni ya pamoja ya kusawazisha sauti ya santuri, unaotumika tangu miaka ya 1950. Ukichomeka Technics moja kwa moja kwenye spika zako utasikia kitu cha mbali, chembamba, hakina tumbo, halafu utakuja hapa kutuambia santuri ni uongo.

AT-LP120X ina priampu ndani, swichi iko nyuma. Inakuja na katriji ya AT-VM95E. Technics iliyotumika mara nyingi huja bila katriji kabisa. Kwa hiyo namba 2 si kitu kimoja, ni vitatu: mashine, katriji, priampu. Na usisahau kufunga waya wa ethi, la sivyo mvumo wa umeme utakukesha.

Halafu, mashine na spika vitakaa meza moja?

Chumba_cha_Nyuma
Ndiyo, kabati moja. Hapo kuna ubaya?

Fundi_Waya
Fanya hivi ukishapata mashine yoyote. Weka santuri, usiizungushe, teremsha sindano, ongeza sauti, kisha gonga kabati kwa kidole. Ukisikia "bum" kwenye spika, sindano inasikia kabati. Besi ya wimbo itatikisa kabati, kabati litatikisa sindano, sindano itarudisha besi kwenye spika. Sogeza spika au tundika mashine ukutani.

Namba_Hazidanganyi
Au nunua kifaa cha namba 3, ukiweke hata juu ya spika.

Mama_Santuri
Chumba, hizo za mjomba ni santuri gani? Soma lebo.

Chumba_cha_Nyuma
Zimechanganyika. Kuna kubwa za kawaida zenye picha. Halafu kuna nzito nzito, ngumu, zimo kwenye bahasha za karatasi ya kahawia, kila upande wimbo mmoja tu. Moja imevunjika kipande. Nilianza kuzifuta kwa spiriti lakini nguo ikatoka nyeusi, nikaacha.

Mama_Santuri
ACHA HAPOHAPO. Hizo ni za 78, mizunguko 78 kwa dakika! Si plastiki, ni shellac, aina ya utomvu mgumu, na spiriti inaiyeyusha. Nguo iliyotoka nyeusi si uchafu, ni santuri yenyewe. Maji yaliyochujwa na tone la sabuni laini, usiloweshe lebo, kausha mara moja.

Fundi_Waya
Ona sasa, ungelisema hili kwenye sentensi ya kwanza. SL-1200MK2 ina kasi mbili tu, 33 na 45. Haina 78. AT-LP120X inayo.

Kasi peke yake haitoshi lakini. Mfereji wa 78 ni mpana. Sindano ya LP, yaani zile kubwa za kawaida, ina ncha ya mikroni 18 hivi, ya 78 inataka karibu 75. Ile ndogo itazama mpaka chini na kukusanya vumbi la miaka yote. Kwenye mwili uleule wa katriji unachomoa sindano ya VM95E unachomeka ile ya VM95SP, ya 78. Uzito wa sindano juu ya santuri nao unabadilika: 95E inataka gramu 2, SP inataka 5. Nunua mizani ndogo ya sindano, na ukirudi kwenye LP kumbuka kushusha.

Sindano_Kali
Technics za sasa, 1200G na MK7, zina 78. Naweka tu kumbukumbu sawa.

Fundi_Waya
Hakuuliza za sasa.

Mzee_wa_Mikanda
Na hizo 78 hazifuati RIAA, kila kampuni ilikuwa na mkunjo wake. Mwenyewe nilikuwa nacheza na vitufe vya besi mpaka masikio yaridhike. Kijana, usiwe na haraka na boksi hilo.

Namba_Hazidanganyi
Mnampeleka mtu kwenye mizani za gramu na maji yaliyochujwa ili asikilize wimbo wa dakika tatu. Na msisahau ya 2022: Mobile Fidelity, kampuni inayotoa upya albamu kwa santuri, walibanwa, wakakiri kwamba matoleo yao mengi yalipitia hatua ya dijitali, faili za aina ya DSD. Watu walikuwa wameandika kurasa nzima kusifu "joto la analojia" lililotoka kwenye faili.

Mama_Santuri
Na zilisikika vizuri au hazikusikika vizuri?

Namba_Hazidanganyi
Vizuri sana. Hoja yangu ndiyo hiyo.

Mama_Santuri
Na yangu pia: aliyeandaa ndiye anayesikika. Kisha mwaka huohuo Marekani ziliuzwa santuri milioni 41 dhidi ya CD milioni 33. Wote hao si viziwi.

Namba_Hazidanganyi
Wengine wao hata mashine hawana. Wanatundika ukutani.

Besi_Tamu
Kama mimi na ile yangu.

Chumba_cha_Nyuma
Nimesoma yote, asanteni. Sasa najiuliza: nikichukua LP120X yenye USB, nikazihamisha zote za mjomba kuwa faili, halafu nikaiuza, nikachukua namba 3?

Sindano_Kali
Hutaiuza.

Namba_Hazidanganyi
Wazo zuri kuliko yote kwenye uzi huu. Za 78 zihamishe kwa mono, sauti ya njia moja.

Mzee_wa_Mikanda
Mtu anauliza mashine, mwishoni anataka kuiuza kabla hajainunua. Ningekuwa wewe ningetafuta ya mkanda yenye 78.

Fundi_Waya
Pima kabati kwanza, upana na kina. LP120X si ndogo, na ukifungua kifuniko inahitaji nafasi nyuma.

Chumba_cha_Nyuma
Nitapima kesho. Kabati lina kina cha sentimita 30 hivi kwa macho.

Fundi_Waya
Haitakaa.

Kiti_cha_Uvivu
Wakuu samahani kuingilia. Mashine yangu mkono unajirudisha wenyewe kabla wimbo wa mwisho haujaisha. Tatizo ni nini?

Fundi_Waya
Aina gani? Weka picha ya chini ya sahani.