Majira yetu yana uzuri gani? Tupeane uzoefu: mwezi gani, ulikuwa wapi, uliona nini

Habari za muda huu wakuu.

Binti yangu yuko darasa la tano. Juzi alirudi na daftari lenye mchoro wa mti mmoja katika hali nne: una maua, una majani mabichi, una majani ya njano, umefunikwa na theluji. Akaniuliza, "Baba, sisi sasa hivi tuko kwenye upi?" Tulikuwa nyumbani Tabata, Dar, mwezi wa 6, kusi inavuma na nguo zinakauka kabla ya saa nne asubuhi. Nikafungua mdomo, la kusema sina. Masika, kipupwe, vuli, kiangazi, yote nayajua tangu utoto, lakini sikuwa na picha hata moja kichwani ya kumchorea.

Usiku ule nilikaa nje nikajaribu kukumbuka. Aliyenijia ni marehemu bibi yangu wa Kisarawe, alivyokuwa akitoka uani alfajiri na kuinua uso kutafuta kilimia. "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Utotoni nilidhani ni maneno ya kuimba tu. Ukubwani ndipo nilipofuatilia: kile kikundi cha nyota huzama magharibi jioni za mwezi wa 4, masika yamekolea. Mwezi wa 5 hukioni kabisa. Halafu mwezi wa 6 kinachomoza mashariki kabla ya jua, mbingu imetakata. Jina lenyewe limetoka kwenye kulima. Bibi hakuwa na kalenda ukutani, na msimu haukumpita.

Basi Jumamosi nilimwamsha binti saa kumi na moja alfajiri, tukasimama uani tumejifunika kanga moja. Kilimia kilikuwa juu kidogo ya paa la jirani. Yeye alihesabu nyota sita, mimi nikapata tano. Hatukuongea mpaka adhana ilipoisha.

Sasa nataka tumjazie lile daftari. Naomba msiniletee mandhari ya kwenye matangazo ya utalii. Niambie mwezi, mahali, na kile ulichokiona, ulichokisikia au ulichokinusa wewe mwenyewe.

Mwana wa Wete

Assalaam alaykum. Mie mzaliwa wa Pemba, niko Oman mwaka wa 11 huu.

Kwetu kusi ikivuma na karafuu zikiwa tayari, harufu inakufikia kabla hujafika. Njia nzima imeanikwa majamvi, karafuu zinabadilika kidogo kidogo, kijani na waridi vinaingia wekundu, wekundu unaingia kahawia. Lakini mimi nakipenda zaidi kile cha usiku. Baada ya isha watu wa nyumba nzima tunakaa chini tunachambua, karafuu huku, makonyo kule, vidole vinanata mafuta. Mama alikuwa akisimulia hadithi hapo, na hakusimulia wakati mwengine wowote wa mwaka. Hadi leo nikitia karafuu mbili kwenye chai, huisikia sauti yake.

La pili ni la huku. Muscat mwezi wa 7 ni moto, huwezi kushika mlango wa gari. Mwaka mmoja shemeji zangu wakanichukua Salalah, kusini kabisa. Tukashuka milimani kwenye ukungu na manyunyu, majabali yote kijani, ngamia wanatokea na kupotea kama vivuli. Watu wamekuja na mikeka yao wamekaa juu ya majani, wanaloa, wanafurahi. Chini mjini kuna minazi na migomba, na wauza madafu pembezoni mwa njia. Nikanyamaza kimya. Mzee mmoja pale, baharia wa zamani, akaniuliza kwetu wapi. Nilipomwambia, akasema kwa Kiswahili safi: "Upepo huu umetoka kwenu, mwanangu. Ni kusi hii." Nikaja kusoma, ni kweli. Kusi inapita pwani yetu, inavuka ikweta, inapinda kufuata pwani ya Somalia, mpaka inagonga milima ile ya Dhofar. Huko wanaiita kharifu, na huanza mwezi wa 6 ikaisha wa 9. Upepo uliokausha karafuu zetu ndio unaowaletea wao manyunyu. Nikauacha uso wangu ulowe mpaka shemeji akaniita mara tatu.

Mwambie binti achore upepo, ikiwezekana.

Mrina asali

Shikamooni wakubwa, wengine habari.

Mimi ni wa Urambo, Tabora. Huku tunaishi ndani ya miombo. Watu wa pwani wakipita kwa basi mwezi wa 8 wanaona msitu umekauka, ardhi nyeusi kwa moto, vumbi. Wanasinzia. Wakirudi mwishoni mwa mwezi wa 9 wanashtuka, maana msitu umekuwa mwekundu.

Mvua ya mwisho ilinyesha mwezi wa 4 au wa 5. Ya kwanza itakuja labda mwezi wa 11. Katikati hapo, jua likiwa kali kuliko siku zote, miti inatoa majani mapya. Yanatoka laini, yanang'aa, mengine mekundu ya damu ya mzee, mengine rangi ya shaba, mengine yana uzambarau. Ule wekundu unalikinga jani changa na jua. Maji mti unayapata chini sana, mizizi inakofika. Baada ya siku kadhaa wekundu unapungua, kijani kinaingia, na hapo tone la mvua bado halijadondoka. Maua nayo yanatoka wakati huohuo, madogo sana, hutayaona kwa macho ya kupita. Utasikia nyuki juu na ndipo utajua.

Baba alinifundisha kutundika mizinga ya magome nikiwa na miaka tisa. Mwaka aliougua, nilikuwa nampeleka kwenye matibabu kwa pikipiki, mwezi wa 10, amenishika kiunoni, mwepesi kama mtoto. Katikati ya msitu akanigonga begani nisimame. Nikadhani maumivu. Akashuka polepole, akashika tawi, akaliweka lile jani jekundu kati ya macho yake na jua, akaligeuza hivi na hivi. Akaniambia, "Mti haungoji mvua. Unaijua." Tukakaa pale kama nusu saa. Nilikuwa na wasiwasi wa kuchelewa foleni, sasa ninashukuru sikumharakisha. Alifariki masika ya mwaka uliofuata.

Kila mwezi wa 10 ninasimamisha pikipiki palepale.

Jembe Kongwa

Mtoa mada nikuheshimu, ila niseme ukweli wangu. Mimi ni mkulima. Nikitazama mawingu sitazami uzuri, natafuta chakula cha watoto. Mwezi wa 1 mvua ikikata wiki tatu, huku watu hawalali. Anayesifia machweo mekundu kipindi hicho ananiumiza, kwa sababu wekundu ule kwangu ni vumbi na ukame.

Lakini nimesoma habari ya mrina asali nikaona nami nina moja. Mwaka fulani mahindi yalifika kiunoni mvua ikapotea. Majani yakajikunja, yakawa kama sigara, unapita katikati yanakwaruza kama karatasi. Siku ya ishirini na kitu mvua ikaja usiku. Asubuhi kabla jua halijatoka nikaenda shambani peke yangu. Yale majani yalikuwa yamekunjuka. Yote. Mapana, yamelala, kila moja limebeba maji pale linapokutana na bua. Nikakaa juu ya tuta kwenye tope, nikalia.

Mchoree hilo. Jani lililojikunja, na pembeni yake jani hilohilo asubuhi yake.

Mtoa mada

Jembe, asante kaka. Umenirekebisha na nimekubali. Nimemsomea binti maneno yako yote, na ukurasa wa mahindi ameuanza kabla ya ile mingine.

Omwana wa Bukoba

Kwetu kitabu kizima ni senene, wale panzi wa kuliwa. Mwezi wa 11, mvua zikishatulia kidogo, bibi anaamka usiku wa manane ananusa hewa. Anasema "wameshuka". Alfajiri tunatoka na vikapu, majani yamelowa, baridi inauma vidole, na kwenye kila jani kuna senene wa kijani au wa kahawia ametulia hajapata joto la kuruka. Unamtoa taratibu. Uwanda mzima unasikia wanawake wanaitana, hamuonani kwa ukungu. Jirani zetu wa Uganda mwezi huo wameupa jina la senene kabisa, Musenene.

Siku hizi wengi wanatega kwa taa kubwa na mabati na mapipa. Nimesimama pia kwenye zile taa usiku, wanavyozunguka kwa maelfu ni kitu cha kutazama, sikatai. Lakini ule ukungu na zile sauti ndivyo ninavyovikumbuka nikiwa mbali.

Mkaa Mwanza

Mimi sina maneno mengi. Usiku wa giza, mwezi haupo, panda kwenye mawe pale juu uangalie ziwa. Wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao. Zamani karabai, sasa nyingi ni za sola. Utasema kuna mji mwingine upande wa pili. Mbalamwezi ikirudi, mji ule unazimika na wavuvi wanalala nyumbani kwao. Mwaka mzima hivyohivyo.

Soja wa Nairobi

Hamjambo wote. Mimi ni mlinzi wa usiku. Nafunga kazi saa kumi na mbili asubuhi. Mwezi wa 10 mijakaranda ikichanua, natembea kwenda steji kabla ya wafagiaji kufika, na barabara yote ni zambarau, hakuna aliyeikanyaga. Ni miti iliyoletwa kutoka Amerika ya Kusini, lakini kwetu imekuwa saa: wanafunzi wa kidato cha nne wakiona yale maua wanajua mtihani umefika. Mimi huchukua njia ndefu wiki hizo. Nimechoka, lakini ninachukua njia ndefu.

Mama Perege

Mimi ninakaanga samaki Mtera, wanaosafiri kati ya Iringa na Dodoma wananijua. Nyuma ya banda langu kuna mbuyu. Nimeuona miaka mingi mtupu, mtupu, nikaona ni mti wa kivuli kibovu. Mwezi wa 11 mwaka juzi mabasi yalichelewa, nikawa nimekaa bila kazi jioni. Juu nikaona kitu kinatikisika na upepo hakuna. Ni ua lilikuwa linafunguka. Linafunguka ukiliona kwa macho, jeupe, kubwa kama kiganja, limeinamia chini. Giza lilipoingia wakaja popo, wanagusa na kuondoka, wanagusa na kuondoka. Asubuhi nikalikuta chini limegeuka kahawia.

Ua la usiku mmoja, na ubuyu wote tunaoula na watoto wetu umetoka kwa ua la namna hiyo. Sasa jioni za mwezi huo nafunga moto mapema kidogo. Binti yako akija huku na baba yake, samaki wake sitamtoza.

Mtoa mada

Mama Perege, tutakuja, na shikamoo.

Wakuu, kurasa zimefika nane. Upepo ameuchora kwa mistari ya bluu kutoka Pemba mpaka Salalah, na njiani ameweka jahazi moja. Kwenye jani la miombo amekwama. Ana penseli nyekundu moja tu na anasema siyo yenyewe. Mrina asali, anakuuliza ni wekundu upi hasa?

Mrina asali

Mwambie apake kahawia kwanza, kidogo tu, halafu nyekundu juu yake, na ukingoni aache karatasi ionekane ili jani ling'ae. Mwezi wa 9 mwishoni nitachuma moja, nilibane ndani ya daftari, nilitume kwa basi la Dar. Likifika rangi itakuwa imepungua. Kwa hiyo akishalishika alitazame upesi, akiliweka kati ya macho yake na jua.