Tupeane uzoefu: CRM (mfumo wa kufuatilia wateja na mauzo) inayokaa ndani ya inboksi, ilikusaidia au ilikuumbua?

Muuza_Mchana: Wakuu, leo asubuhi mteja katuandikia barua moja yenye viambatisho viwili: bei niliyompa mimi, na bei aliyopewa na mwenzangu wa meza ya pili, nafuu kuliko yangu. Chini kaandika, "Nichukue ipi?" Tuko sita, kila mtu na Gmail yake, na orodha ya wateja ni faili la Eksel ambalo hakuna anayekumbuka aliligusa lini. Bosi sasa anataka CRM. Wenzangu wameapa hawafungui dirisha lingine zaidi ya barua pepe. Nimesikia kuna zinazokaa humohumo kwenye inboksi. Waliozitumia, semeni.

KaaChonjo: Umenikumbusha mbali. Sisi bei zilikuwa tatu.

Bibi_Faneli: Tulianza na mfumo mkubwa wenye dirisha lake. Ijumaa jioni ndiyo watu wanajaza ya wiki nzima kwa kukumbukakumbuka, nusu uongo. Tukahamia Streak, inakaa ndani ya Gmail kabisa. Unafungua barua ya mteja, pembeni unaona dili limefika hatua gani na nani aliongea naye mara ya mwisho. Watu wakaanza kujaza bila kusukumwa. Ila hiyo ni ya Gmail tu. Mkiwa na mmoja wa Outlook, ameachwa stendi. CRM nyingine, HubSpot na Pipedrive, zina viunganishi vya pande zote mbili.

Mzee_wa_Eksel: Eksel haijawahi kunikosea. Wanaokosea ni watu.

Bibi_Faneli: Mzee, haikukosei kwa sababu haikuambii kitu.

Nimekoma: Naomba nimwage langu, limenikaa rohoni. Kazini kwangu tuliwekewa CRM inayonakili barua bila kuambiwa. Siku ya kuunganisha kikatokea kile kidirisha cha kuomba ruhusa ya kusoma, kuandika, kutuma na kufuta barua zako zote. Nikabonyeza "Kubali" kama tunavyobonyeza wote. Nisichojua ni kwamba mfumo unaangalia kile kinachofuata alama ya @. Barua yoyote ikitoka kwenye kampuni ambayo ni mteja wetu, inajipachika kwenye ukurasa wa mteja huyo, na timu nzima inaiona.

Sasa mimi nilikuwa naomba kazi kwa mteja wetu mmoja. Ndiyo, kwa barua pepe ya kazini, msinianze. Jumatatu, kikao cha mauzo, projekta imewashwa, bosi anapitia wateja mmojammoja. Akafika kwao. "Hawa mbona wana mawasiliano mengi wiki hii? Hongera." Akabonyeza. Ukutani, kwa herufi kubwa: "Asante kwa kufika kwenye usaili. Tungependa kujua mshahara unaoutarajia." Jibu langu lilikuwa chini yake. Pamoja na tarakimu.

Kimya. Bosi akasogeza miwani, akasoma mpaka mwisho, akasema, "Tuendelee na mteja anayefuata."

KaaChonjo: 😂😂😂 Tuendelee na mteja anayefuata!!

Ndugu_Mkaguzi: Pole, ila kosa ni lako. Barua pepe ya kazini ni mali ya kazini.

Nimekoma: Nimesema msinianze.

Wakili_wa_Mtaani: Mkaguzi, mali ya kazini sawa, lakini kuna tofauti ya mwajiri kuwa na haki ya kusoma na barua kutundikwa ukutani mbele ya wenzako. Aliyefunga mfumo alipaswa kuwaambia watu nini kinaonekana.

Ndugu_Mkaguzi: Kidirisha kilimwambia. Hakusoma.

Wakili_wa_Mtaani: Wewe ulisoma cha kwako?

Jicho_Pima: Tukirudi kwenye mada, msinunue kwa ajili ya kile kialama cha "imefunguliwa". Kinategemea kapicha kasikoonekana ndani ya barua, na tangu Apple walete ulinzi wa faragha kwenye Mail mwaka 2021, picha zinapakuliwa zenyewe hata kama mtu hajafungua barua. Mimi nilimpigia mteja nikamwambia kwa mbwembwe, "Naona barua yangu umeshaisoma." Akanijibu kwa sauti ya chini kwamba ametoka chumba cha upasuaji muda si mrefu.

Mama_Dili: Chagueni inayonakili barua yenyewe. Mtu wa mauzo hakumbuki kunakili kitu chochote.

KaaChonjo: Baada ya kisa cha Nimekoma? Mimi nachukua ile ya kuweka anwani ya mfumo kwenye BCC, yaani nakala ya siri, kwa mkono. Nikisahau, nimesahau.

Mama_Dili: Ndiyo mwanzo wa bei tatu huo.

Kijana_wa_Simu: Ijaribuni kwenye simu kwanza. Nyingi za ndani ya Gmail ni kiongezo cha Chrome ya kompyuta. Kwenye simu unalazimika kupakua programu yao pembeni, na ukibaki na Gmail tupu unaona barua tu.

Bibi_Faneli: Kweli. Na msifanye inboksi kuwa mtambo wa matangazo. Gmail ya bure ina kikomo cha barua 500 kwa siku, ya kulipia 2,000. Kijana wetu mmoja alipitisha, akafungiwa kutuma mpaka kesho yake, na siku hiyo alikuwa na mkataba wa kupeleka.

Mzee_wa_Eksel: Eksel haina kikomo.

Jicho_Pima: Ina safu mlalo 1,048,576, Mzee.

Mzee_wa_Eksel: Nikifika huko nitawaambia.

KaaChonjo: Nimekoma, usituache njiani. Kazi ulipata?

Nimekoma: Nilipata. Kwa mshahara ule wa ukutani.

Muuza_Mchana: Hahaha, nashukuruni. Nitaanza na wawili, mimi na yule wa bei nafuu, wiki mbili tu. Mama_Dili, hiyo ya kunakili yenyewe, naweza kuzuia baadhi ya anwani kabla sijaunganisha, au ni baada?

Mama_Dili: Nyingi zina orodha ya anwani za kuachwa, ila hakikisha umeijaza kabla haijaanza kuvuta barua za zamani. Na wewe unaomba kazi wapi?

Muuza_Mchana: Nauliza tu, dada.