Dogo ana kifafa, haanguki tena ila anasahau sana. Ni ugonjwa au dawa?

DadaWaUjiji: Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Mdogo wangu wa kike yuko fomu two hapa Kigoma, kifafa kilimwanza darasa la nne, anameza fenobabitoni kila usiku na kuanguka kumekata namshukuru Mungu. Sasa unamwelekeza kitu jioni anakishika vizuri kabisa, asubuhi hakipo. Alafu kuna muda anakodoa macho, ukimwita haitiki, baadae kidogo anaendelea na stori kama hamna kitu. Mwalimu anasema mvivu, bibi anasema katupiwa. Kama haanguki si ndo kapona jamani?

tabibu_kasulu: Hapana dada, kutoanguka na kupona ni vitu viwili. Kukodoa macho hivyo inaweza ikawa kifafa chenyewe, kile kisichoangusha mtu. Ubongo unafanya kazi kwa sehemu mbalimbali kupeana taarifa, ni kama soko la Kibirizi kila mtu anaongea na mteja wake, sasa fikiria ghafla wote wanapiga kelele neno moja kwa pamoja, nani atauziana na nani? Ndo degedege hiyo. Na ata kati ya degedege cheche za umeme zinaendelea kimyakimya, zinakatiza mawasiliano, hasa kifafa kikianzia pembeni ya ubongo karibu na sikio, maana huko ndani ndo ipo hipokampasi inayohifadhi kumbukumbu mpya. Mwaka 1953 kule Marekani Henry Molaison alitolewa hipokampasi pande zote mbili ili degedege zipungue, zikapungua kweli, ila mpaka anafariki 2008 alikuwa hashiki jambo jipya, ukitoka na kurudi unajitambulisha upya.

MzeeWaMwanga: Mnazunguka sana, hiyo ni dawa. Kijana wangu alikuwa anasinzia darasani kutwa, walivyombadilishia akachangamka. Mwambie aache.

tabibu_kasulu: Mzee nusu uko sawa, fenobabitoni kweli inapunguza wepesi wa kufikiri. Ila kuacha ghafla ASITHUBUTU, degedege zinaweza kurudi mfululizo bila kukata na zikaua. Kubadilisha ni taratibu na daktari. Na kwa kuwa ni binti, akitajiwa valproeti, dawa nyingine ya kifafa, ulizeni maswali mengi, inaharibu mtoto tumboni mpaka ubongo wake, wapo wanaoiandika tu bila kuangalia.

nyuki_tabora: Mi ninacho toka mdogo na chuo nimemaliza, kwaiyo msimuone mjinga. Kilichonimaliza ni kukesha, nikikosa usingizi nadondoka alafu na nilichosoma hakikai, maana usingizini ndo ubongo unapanga mambo ya mchana. Nikahamia kusoma kidogokidogo alfajiri na daftari haliniachi. Huyo mwalimu anayemwita mvivu mfuateni, kumfokea hakumrudishii alichosahau.

DadaWaUjiji: Asanteni sana, basi dawa haachi. Bibi ntamwelewesha taratibu, mwalimu ndo mbishi. Sa kliniki niende na nini, maana tukifika pale anakaa vizuri kama hana shida?

tabibu_kasulu: Mrekodi kwa simu akiduwaa. Andika tarehe, saa, na usiku wake alilalaje, pia kama alimeza dawa. Waulize kipimo cha umeme wa ubongo kinapatikana wapi, ila kikitoka safi msibishane na video, kipimo kinaona ule muda tu aliovalishwa nyaya.