Je, msiba wa mama unatosha kueleza "Wapenzi" wa Magritte?

Katika mchoro wa msanii wa Ubelgiji René Magritte wa mwaka 1928 uitwao "Wapenzi", mwanamume mwenye suti na tai anambusu mwanamke aliyevaa gauni jekundu, ilhali vichwa vyao vyote viwili vimefunikwa gubigubi kwa kitambaa cheupe. Wengi waliotangulia kuchangia katika mjadala kuhusu mchoro huu wanaona fumbo limekwisha kufumbuliwa: mama yake Magritte alijitosa katika mto Sambre, huko Ubelgiji, mwaka 1912, mwanawe akiwa na umri wa miaka 13, na husimuliwa kwamba alipoopolewa uso wake ulikuwa umefunikwa na vazi la kulalia. Wanahitimisha kwamba kitambaa kile ndicho vazi lile.

Napinga hoja hiyo, kwa kuwa inatuondoa mbele ya mchoro kabla hatujautazama. Magritte mwenyewe hakupenda kazi zake zielezwe kwa msiba huo. Lakini hata tukisema kwamba neno la msanii si sheria, lipo swali jepesi ambalo halijajibiwa: ikiwa aliyefunikwa ni mama, mwanamume amefunikwa kwa nini? Mwaka huohuo alichora mchoro mwingine uitwao "Wapenzi", ambao sasa uko Canberra, Australia. Humo wawili hao, wakiwa na vitambaa vilevile, wameegemezana vichwa na kutuelekea kama wanaopigwa picha, na nyuma yao kuna mandhari ya kijani.

Sisi tuliozoea kuona uso ukifunikwa kwa sanda huijiwa na wazo la mauti papo hapo, wala hatuhitaji kusimuliwa habari za Sambre. Hata hivyo, maiti havai tai akasimama kubusu. Hapo ndipo ninapohisi uzito wa mchoro huu: chumba ni cha kawaida kabisa, dari ina ukingo wa nakshi, rangi zimepakwa kwa utulivu, na hakuna anayehangaika kulivua lile shela. Midomo imekutana, ngozi haijagusana, na wenyewe wanaonekana kuridhika. Kwangu utulivu huo unatisha kuliko kilio.

Sikatai kwamba huzuni ya utotoni huenda iliuongoza mkono wake. Ninachoomba kwa wanaoshikilia hoja ya mama ni waoneshe ndani ya mchoro wenyewe, katika mkunjo, rangi au mkao wa miili, kitu kimoja ambacho hakiwezi kueleweka bila habari za mto ule.