Tupeane uzoefu: ulimpataje mwanasaikolojia tiba kwa kadi ya bima hapa Dodoma?

Habari za jioni wakuu. Naanza na yangu ili wengine msione aibu.

Mimi ni mtumishi wa umma, nilihamia huku na ofisi. Baada ya kumzika mama, usingizi ulinikimbia kabisa. Saa nane usiku niko macho, nasikiliza upepo wa Nzuguni unavyopiga bati. Kila mwezi nakatwa asilimia 3 ya mshahara kwenda NHIF, ule mfuko wa taifa wa bima ya afya, na mwajiri anaweka 3 nyingine, nikasema basi hela hii ndiyo itanitibu. Nikaenda kituo kimoja binafsi, ukutani wamebandika kwamba kadi zinapokelewa. Nikahakikiwa, nikakaa foleni. Nafika mlangoni kwa mwanasaikolojia, naambiwa yeye huduma yake ni hela taslimu. Nilirudi nyumbani kimya, na kwa miezi minne sikwenda kokote.

Kumbe nilichouliza ni kama kituo kinapokea kadi. Nilitakiwa niulize kama kikao cha mwanasaikolojia kinapita kwenye kadi, na yupo siku gani. Ndugu zangu, pigeni simu muulize hayo kabla hamjapoteza nauli, maana mtu ukiwa umechoka rohoni, kugeuzwa mlangoni mara moja tu kunatosha kukukatisha tamaa.

Mara ya pili nilienda hospitali ya umma kama mgonjwa wa kawaida. Nikamweleza daktari wa OPD, yaani wagonjwa wa nje, kila kitu, hata kulia nililia. Akaniandikia niende kitengo cha afya ya akili, na kwa kuwa nilikuwa nimeandikiwa na daktari, dirisha la bima hawakuniuliza mengi. Nimeshamaliza vikao saba. Nyie je?

Ticha wa Kongwa
Pole sana mkuu kwa mama. Huku kwetu mwanasaikolojia tiba hatuna, ila kuna muuguzi wa afya ya akili, na yule dada amenisaidia kuliko nilivyotegemea. Ndiye aliyenishauri nisije mjini mikono mitupu, nichukue kwanza rufaa. Siku ya kliniki natoka nyumbani alfajiri. Kinachoniumiza ni ruhusa: kila nikiomba, mkuu wangu anataka kujua naumwa nini.

Binti wa Chuo
Samahanini, huyu mwanasaikolojia tiba na daktari wa magonjwa ya akili si mtu mmoja?

Mleta mada
Hapana mdogo wangu. Daktari wa magonjwa ya akili ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia tiba anakupima na kukutibu kwa mazungumzo, dawa haandiki. Mimi nilianzia kwa daktari, akaona sihitaji vidonge, akanipeleka kwa mwenzake. Wengine wanahitaji wote wawili.

Mama wa Nkuhungu
Mwanangu ana miaka 16. Aliacha kula na sisi, akaacha shule, akawa anajifungia chumbani. Niliposema twende Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, baba yake aliwaka: "Unataka watu waseme mwanangu chizi?" Hospitali ile ipo tangu miaka ya 1920, lakini huku mtaani jina lake tumeligeuza tusi, mtoto akikorofisha kidogo anatishiwa kupelekwa huko. Nilimpeleka bila baba yake kujua. Nilikuta kina mama wenye kanga kama mimi, na vijana wamebeba mabegi ya chuo. Mtoto ni tegemezi kwenye bima ya baba, kadi yake ilikuwa kabatini, nikaichukua tu. Sasa ameanza kuongea. Juzi aliomba chapati, nikaenda kulilia jikoni. Ila mtaalamu anataka safari ijayo wazazi tuje wote wawili, na mzee bado hajajua hata kama tulienda.

Fundi Chang'ombe
Mimi sina bima. Nalipa mfukoni kikao kimoja kwa mwezi, mwezi mbaya naruka. Nasoma hapa najifunza.

Mleta mada
Fundi, hospitali za umma huwa na ofisi ya ustawi wa jamii. Pita hapo uwaeleze hali yako kabla hujaruka mwezi mwingine.

Mama, hongera kwa chapati. Mwambie mzee ukweli kabla ya siku yenyewe, kadi ni yake na mtoto ni wake. Akisita, nitumie ujumbe pembeni, nizungumze naye mwanaume kwa mwanaume. Nitamweleza jinsi nilivyolia mbele ya daktari.