Naomba ushauri: miguu ya roboti haishiki kwenye kamera ya zamani

Habari zenu wakuu. Natengeneza sanamu za roboti kwa kamera mbovu za filamu na vyuma chakavu vya Gerezani, Dar es Salaam. Kamera ndiyo kifua, mikono ni mnyororo wa baiskeli, magoti ni plagi za pikipiki. Ni za kupamba tu, hazitembei.

Nimekwama kwenye Zenit-E, ile ya Kisovieti. Bodi yake ni aloi ya alumini, na nzito kwelikweli. Risasi ya kulehemu haishiki kabisa. Gundi ya epoksi inashika nikipiga msasa kwanza, lakini inaachia mtu akiinua roboti kwa kichwa (na wageni hawakosi kufanya hivyo). Fundi wa kuchomelea anasema mashine yake itaitoboa tu. Lile tundu la kufungia stendi chini ya kamera linabeba mguu mmoja, wa pili hauna pa kukaa.

Je, nitoboe bodi nipitishe bolti, au nikate bamba la chuma liwe kiuno, nilikaze kwenye tundu la stendi, kisha miguu yote miwili ifungwe hapo? Naogopa bamba litazunguka.

Jingine: kichwa nataka kiwe flashi ya zamani ya kamera (taa ya kupigia picha). Kapasita yake (kile kifaa cha kutunza chaji) huchajiwa hadi volti 300 hivi, na chaji yaweza kubaki hata betri zikitolewa. Mliozoea kuzifungua, mnaitoa chaji hiyo kwa rezista ya omu na wati ngapi?